Kasuku wa Mtukufu na Nyasi Zilizolowa

Ilikuwapo, na huenda mpaka leo ipo, nchi moja nzuri sana kuitazama, ila kuitazama kwenyewe ndiko kulikokuwa na utaratibu. Jina lake halitajwi hapa, na si kwa woga. Jina jipya lilikwisha kuchorwa kwenye bango kubwa pale mpakani, kwa herufi za rangi ya dhahabu, lakini bango lenyewe lilikuwa bado limefunikwa turubai. Lilikuwa halijatazamwa.

Huko, kitu chochote kipya cha serikali hakitazamwi na mtu mpaka kwanza kitazamwe na Rais, ambaye cheo chake kamili kilikuwa Mtukufu Jicho la Kwanza. Likijengwa daraja, wananchi huruhusiwa kulipita, maana serikali haina roho mbaya, ila hupita kinyumenyume, nyuso wameelekeza walikotoka. Kikichimbwa kisima, akina mama huchota maji wakiwa wamekipa mgongo. Wawili walitumbukia. Waliopolewa wazima, na swali la kwanza waliloulizwa lilikuwa kama huko ndani walifumbua macho.

Mambo yangekuwa mepesi kidogo kama Mtukufu angekuwa na nafasi. Lakini foleni ya vitu vya kutazamwa ilikuwa ndefu mno. Kulikuwa na vitanda vya wodi ya wazazi, gari la zimamoto, mizinga miwili ya nyuki na mnara wa saa ambao saa zake zilikuwa zikigonga chini ya shuka. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti. Macho yote mawili ya Mtukufu yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa ya mgando. Alikuwa akishikwa kiwiko na kugeuzwa upande wa kutazama, na kesho yake gazeti huandika kuwa ametazama kwa kina.

Sasa, mfalme wa nchi jirani alimletea Mtukufu zawadi. Ilikuwa kasuku kumi na wawili, wa kijivu, mikia myekundu, waliofundishwa mwaka mzima kusema neno moja tu: "Uishi miaka mia, Mtukufu!" Walisafirishwa ndani ya matenga matatu ya mbao, wanne wanne, wamelazwa juu ya nyasi za huko kwao. Safari ikachukua siku tisa, nne kati ya hizo zikiwa za mvua, lori limekwama kwenye tope. Walipofika mpakani, maofisa wa forodha walifumba macho, wakayapapasa matenga mpaka wakapata hakika kuwa ni matenga, kisha wakayafunika kwa turubai zito na kulifunga kamba pembe zote.

Wakamwita Bi Siwatu.

Bi Siwatu alikuwa mjane wa umri wa kuitwa bibi, akikaa jirani na kituo cha karantini. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini alikuwa amefuga kuku na bata kwa miaka arobaini, na kijiji kizima vifaranga wakipooza hupelekwa kwake. Kituo kilimwajiri kwa muda kuwalisha kasuku mpaka Mtukufu aje. Masharti yalikuwa mepesi: apitishe chakula na maji kwenye tundu la chini ya turubai, na asichungulie.

Siku ya kwanza aliinama kwenye tundu lile kuweka bakuli la mtama, akavuta pumzi, akarudi nyuma.

Harufu ile aliijua. Ni harufu ya ghala lililovujiwa, ya pumba zilizosahauliwa chini ya gunia bichi, zikapata joto, zikaota kuvu la kijivu na la kijani. Alishawahi kupoteza vifaranga sitini kwa harufu ile. Vumbi la kuvu hupanda, ndege analivuta, linakwenda kuota mle mle kifuani mwake kama linavyoota kwenye mkate. Hakuna homa, hakuna kuhara. Ndege anapoteza sauti kwanza, halafu pumzi.

"Hamjambo humo?" akauliza.

"Uishi miaka mia, Mtukufu!" wakaitikia, mmoja mmoja, na yeye akawahesabu kwa vidole. Kumi na wawili. Kulikuwa na mmoja mwenye haraka, anayemeza maneno. Mmoja alikuwa na sauti nene ya mzee wa jando. Na mmoja alikuwa na kigugumizi kidogo, kila akifika hapo husema "Mtu-mtu-mtukufu." Hawezi kuwaona, basi akawajua hivyo, kama mwalimu anavyowajua watoto wake kwa mahudhurio ya asubuhi.

Akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa Mkuu wa Kituo.

Mkuu wa Kituo aliitwa Bwana Shekue. Matenga yalikuwa yamewekwa ukumbini, hatua tano kutoka mlango wake, kwa heshima. Na Bwana Shekue alikuwa na desturi moja: mtu akigonga, hujijibia mwenyewe kutoka ndani.

"Mkubwa hayupo, mama. Njoo kesho."

"Bwana mkubwa, nyasi zimelowa," akasema Bi Siwatu, mdomo kwenye tundu la kitasa. "Nakusikia upo."

"Mkubwa hayupo. Njoo kesho."

Akaja kesho, na keshokutwa. Siku ya nne akamvizia akitoka kunawa, akamzuia mlangoni.

"Bwana mkubwa, nyasi zimelowa. Zimeota kuvu. Nipe ruhusa nizitoe, niweke kavu. Ninazo nyumbani, siombi kitu."

Bwana Shekue akamtazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia asiyejua kusoma.

"Bibi yangu, barua ya mfalme unajua inasemaje? Inasema, 'kasuku kumi na wawili pamoja na matandiko yao.' Umesikia? Pamoja na. Ukitoa nyasi umepunguza zawadi. Ukipunguza zawadi umepunguza urafiki. Unataka vita?"

"Sitaki vita. Nataka nyasi kavu."

"Ndivyo vita vinavyoanza."

"Basi hao ndege watakufa, baba."

Hapo Bwana Shekue akacheka, akaingia ndani, akatoka na karatasi yenye mihuri minne. "Hiki ni cheti cha afya. Kimetolewa na daktari wa mfalme mwenyewe. Kinasema ndege hawa ni wazima, na muda wake ni mpaka tarehe thelathini. Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa hiyo kuumwa hawawezi mpaka tarehe thelathini. Wakianza tarehe thelathini na moja, njoo tuzungumze."

"Na mwezi huu una thelathini tu."

"Unaona sasa?" akasema Bwana Shekue kwa furaha. "Kila kitu kimefikiriwa."

Asubuhi ya siku ya sita waliitikia kumi. Yule mwenye haraka alijaribu, ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Yule wa sauti nene alinyamaza kabisa. Bi Siwatu akarudia kuuliza, "Hamjambo humo?" mara tatu, akikaza sikio, akasikia mluzi mwembamba wa pumzi inayopita mahali palipobanwa.

Akaanza kupiga kelele ukumbini. Si matusi, ni lile neno lake moja, "Bwana mkubwa, nyasi zimelowa!" mpaka makarani wakashindwa kunywa chai. Ndipo Bwana Shekue akamleta daktari wa mifugo, Daktari Lwitiko, kijana mpole aliyesoma mbali. Naye akakumbushwa sheria mlangoni.

Daktari akayapa matenga mgongo, akanyoosha mkono nyuma, akaweka kipimo chake cha kusikilizia juu ya turubai. Akasikiliza kifua cha turubai kwa muda mrefu. Akahamia pembe nyingine. Akamwinamia Bi Siwatu sikioni.

"Ni kuvu la mapafu," akanong'ona. "Wameanza kuzibwa koo. Hizo nyasi zitolewe leo hii, wapate hewa."

"Alhamdulillahi. Andika basi, mwanangu."

Daktari akaitazama fomu. "Nikiandika kuvu, wataniuliza nimelijuaje. Nikisema nimeliona, nimeona. Nikisema sijaliona, nimebuni."

"Andika umelisikia."

"Bibi, fomu haina sehemu ya kusikia."

Alikaa pale akigeuza kalamu, na mwisho akaandika kwa mwandiko mzuri: "Ndege wamepunguza sauti kwa ajili ya heshima." Bwana Shekue akaisoma, akaipenda, akaomba nakala ya kubandika ukutani ili wafanyakazi wengine waige.

Siku hiyo Bi Siwatu alikaa kitako ukumbini muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa. Akawaza. Sheria inakataza kuona. Kushika je? Hakuna aliyesema lolote juu ya kushika.

Wote walipokwenda kula mchana, akavua kilemba, akajifunga machoni mafundo mawili, akalegeza kamba ya tenga la karibu na dirisha na kuingiza mkono. Vidole vikakutana na nyasi za motomoto, zenye unyevu, zimeshikana kama keki, na vumbi jepesi likampanda puani. Akakohoa. Akatafuta ndege. Wa kwanza alikuwa baridi. Wa pili baridi. Wa tatu alikuwa na uhai, ila kidari chake kilikuwa kikali kama ukingo wa kisu, nyama imekwisha, na mkia unapanda na kushuka kila anapohema. Wa nne alimng'ata kidole kwa nguvu zote.

"Ng'ata, baba, ng'ata," akasema Bi Siwatu, na machozi yakalowesha kilemba.

Akachomoa nyasi zote za tenga lile, konzi kwa konzi, akazitia gunia. Akatandika nyasi kavu alizozileta ndani ya kapu la muhogo. Akalegeza turubai upande wa dirisha hewa ipite. Alikuwa ameshika kamba ya tenga la pili aliposikia viatu.

"Bi Siwatu! Unafanya nini?"

"Nimefumba macho, bwana mkubwa. Tazama, mafundo mawili."

Bwana Shekue akazunguka mara mbili, akikagua kitambaa. Ikabidi akiri kuwa ni kweli, macho hayakuona. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi.

"Mikono yako imeona," akasema.

"Mikono?"

"Umejua wako wangapi wazima?"

"Tenga hili wawili, mmoja mahututi."

"Sasa hiyo taarifa Mtukufu hana, wewe unayo. Umemtangulia." Akatoa amri palepale: gunia la nyasi lirudishwe chini ya turubai, lisipotee hata jani moja, kamba zifungwe upya, na Bi Siwatu kuanzia siku hiyo alishe ndege akiwa amevaa glovu nene za kuchomelea vyuma.

"Angalau gunia liwe mbali na tenga la dirishani," akaomba. "Nipe hilo tu."

Bwana Shekue, ambaye hakuwa na roho mbaya, akakubali gunia likae upande wa mlango.

Kuanzia hapo mahudhurio yakawa mafupi. Waliitika saba, wakawa watano, kisha watatu. Asubuhi moja aliuliza, "Hamjambo humo?" ikajibu sauti moja tu, kutoka upande wa dirisha.

"Mtu-mtu-mtukufu."

Akapitisha bakuli la maji tunduni. Kisha akaenda kugonga, kama kila siku. "Bwana mkubwa, nyasi zimelowa." Na mlango ukamjibu kama kila siku. Ilikuwa siku ya kumi na nane, na harufu ilikuwa haihitaji tena mtu aliyefuga ndege ili kuitambua.

Kesho yake Mtukufu akaja.

Kituo kilipigwa chokaa. Mitungi mitatu ya marashi ilimwagwa ukumbini mpaka wageni wakawa wanapiga chafya kwa zamu. Bendi ikapiga. Bwana Shekue akasoma hotuba ya kurasa kumi na nne, ambamo alieleza jinsi ndege walivyopokelewa, walivyolindwa, na walivyotunzwa bila kuonwa hata na mtunzaji, "jambo ambalo, Mtukufu, halijawahi kutokea katika historia ya ufugaji." Makofi yakarindima.

Turubai likavutwa. Watu wote wakainamisha nyuso mpaka Mtukufu awe ametazama. Mpambe akamshika kiwiko, akamgeuza. Alipita kidogo, akawa anatazama kabati la mafaili, akarudishwa taratibu.

"Wazuri sana," akasema Mtukufu, akitabasamu. "Hasa wale wa kijani."

Katibu akaandika, "wa kijani." Sasa ilikuwa halali kwa kila mtu kuinua macho, nao wakainua. Kasuku kumi na mmoja walikuwa wamelala chali na ubavu, wengi juu ya zulia la kuvu, midomo wazi. Mmoja alikuwa amesimama kwenye nyasi kavu, manyoya yamemtimka, anahema.

"Mbona hawasemi?" akauliza Mtukufu. "Niliambiwa wanasema."

"Wanakutafakari, Mtukufu," akajibu Bwana Shekue.

Ndipo yule wa dirishani akakohoa, akajikunyata, akafungua mdomo. Kwanza ikatoka sauti ya mwanamke mzee, imechoka, ile ile kabisa:

"Bwana mkubwa, nyasi zimelowa."

Halafu, bila kungoja, sauti ya mwanamume, nene, ya kutoka nyuma ya mlango:

"Mkubwa hayupo, mama. Njoo kesho."

Mtukufu, ambaye kwa sababu ya macho yake alikuwa na masikio mazuri sana, aliinua kidole.

"Rudia."

Kasuku akarudia, mara nne.

"Amejifunza haya kwa siku ngapi?"

"Siku... siku kumi na tisa, Mtukufu," akasema Bwana Shekue.

"Siku kumi na tisa!" Mtukufu akapasuka kicheko. "Mawaziri wangu wengine wana miaka kumi na hawajaelewa serikali inavyokwenda, na huyu ndege wa juzi ameshaelewa! Apewe uraia!" Bendi ikaingia. "Na huyo mama wa nyasi yupo?"

Wakamsukuma Bi Siwatu mbele, na glovu zake.

"Kwa nini hukusema mapema, mama?"

Bi Siwatu akamtazama. Alikuwa na maneno ya siku kumi na tisa kooni, yamejazana pamoja na lile vumbi. Akasema, "Nilisema, Mtukufu."

"Safi. Nyasi zimelowa, basi zibadilishwe! Ndiyo kazi ya serikali hiyo. Apewe kibali sasa hivi, mbele ya macho yangu." Wakagonga mhuri palepale, makofi dakika mbili. Kibali kikasema: Bi Siwatu anaruhusiwa kubadilisha nyasi za kasuku kumi na wawili. Hakuna aliyemwambia Mtukufu kuwa kumi na mmoja walikuwa hawazihitaji tena, na kwa cheti walikuwa bado wazima kwa siku nne mbele.

Bwana Shekue, damu ilipomrudia, akatangaza kwa sauti ya juu kwamba raia mpya ataondoka na msafara kwenda Ikulu, pamoja na matandiko yake. Askari wawili wakaanza kuchota zile nyasi za kuvu, za matenga yote na za kwenye gunia, wakizishindilia ndani ya tenga la dirishani, juu ya zile kavu. Vumbi la kijani likapanda. Kasuku akafunga macho.

Bi Siwatu akavua glovu, akaziangusha sakafuni.

"Acheni," akasema. "Ninacho kibali." Akaliburuta tenga lile nje uani, askari wakimpisha kwa sababu ya mhuri, na Mtukufu, mabalozi na wageni wote wakatoka nyuma yake. Akamtoa ndege, akamweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akarudi ndani mara mbili kumaliza nyasi zote. Akazilundika, akazimwagia mafuta ya taa ya jikoni kwa makarani, akawasha.

"Bibi! Umeambiwa kubadilisha!" akapiga kelele Bwana Shekue.

"Nazibadilisha ziwe majivu."

Nyasi mbichi haziwaki vizuri. Zilitoa moshi mzito, wa manjano, ukapanda juu ya paa na kutandaa uwanja mzima. Bwana Shekue akaona urafiki wa nchi mbili unapaa angani mbele ya mabalozi na wapiga picha, akashika kichwa, na akili yake yote ya kazi ikamjia kwa pamoja.

"Msitazame!" akapaza sauti. "Moto huu ni mpya! Haujatazamwa!"

Watu wa nchi ile walikuwa wamezoea. Bendi ikageuka, askari wakageuka, mawaziri na mabalozi wakageuka, walinzi wa getini wakageukia barabara. Daktari Lwitiko akamtazama Bi Siwatu kidogo, akaitazama ile ndoo, kisha naye akageuka, polepole, na kufumba macho. Mpambe alishika kiwiko cha Mtukufu ili amwelekeze kwenye moto, lakini kwa kuwa naye hakuruhusiwa kutazama, hakujua uko wapi, akabaki anamzungusha Mtukufu pale katikati ya uwanja, kulia, kushoto, na kulia tena.

Bi Siwatu akamchukua ndege, akamfunika kwa upande wa kanga, akamshikiza kifuani. Akapita kati ya migongo yote ile bila haraka, maana kukimbia kungemtimulia ndege vumbi. Akapita migongo ya walinzi. Akapita bango la jina jipya la nchi pale mpakani, chini ya turubai lake, upepo unalipigapiga.

Barabarani hewa ilikuwa kavu. Ndani ya kanga kitu kikakohoa, kikatulia, kikatafuta sauti.

"Njoo kesho, mama."

"Kesho hatuji, baba," akasema Bi Siwatu. "Hema. Wewe hema tu."